Kodi ya Meza Ndogo, Midomo Kumi

Hela ya kula imeachwa mezani asubuhi, nyumba ina watu kumi, na ikifika saa kumi jioni mfuko ni mtupu na chakula cha usiku hakijulikani. Ushauri ambao mama wa nyumba hii hupewa kila siku ni mmoja: punguza. Punguza wali, punguza nyama, watu wale mara mbili. Mwongozo huu unaanzia kwingine. Katika nyumba nyingi za kipato kidogo, sehemu ya hela ya chakula haifiki kwenye sahani. Inaishia dukani kwa kupimiwa vidogo vidogo, mashineni kwenye pumba, jikoni kwenye mkaa, na nyingine kwenye ndoo ya taka. Ziba mianya hiyo kwanza. Sahani iwe ya mwisho kuguswa.

Bei nitakazotaja ni za mfano tu, kwa sababu bei ya Tandika si ya Tunduma na ya leo si ya kesho. Weka bei za mtaani kwako, hesabu itabaki ileile.

Jua nyumba yako inakula kiasi gani

Chukua kopo moja na lisiondoke jikoni. Kila kinachoingia kwenye sufuria kipimwe nalo kwa wiki nzima, na uandike kwenye daftari la mtoto lililobakiwa na kurasa. Nyumba ya watu kumi, wakubwa kwa wadogo, kwa kawaida hutumia kama kilo 2 za unga kwa mlo mmoja wa ugali, kilo moja na nusu ya mchele kwa mlo wa wali, na kilo moja ya maharage makavu kwa mboga ya mlo mmoja. Kama kwako inazidi sana hapo, angalia sufuria kabla ya kuangalia midomo: huenda kila siku kuna ukoko unaotupwa au ugali unaolala.

Wiki hiyo itakuonyesha pia vitu vinavyokula hela kimyakimya. Sukari ni mfano mzuri. Watu kumi wakinywa chai mara mbili kwa siku, kila kikombe vijiko viwili, hivyo ni vijiko 40. Kijiko cha chai kilichojaa kina kama gramu 5, kwa hiyo nyumba inakunywa gramu 200 kwa siku, yaani kilo 6 kwa mwezi. Kikirudi kijiko kimoja, umepata kilo 3 za sukari, na kwa hela hiyo utanunua maharage bila mtu yeyote kulala na njaa. Hakuna mahali pengine jikoni ambapo utapunguza kiasi hicho na meno ya watoto yakakushukuru.

Toka kwenye kupimiwa

Kinachoumiza zaidi nyumba ya hela kidogo ni kwamba inanunua kwa bei kubwa kuliko nyumba yenye hela. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000 na robo kwa mangi wa duka la mtaani ni 900. Anayenunua robo nne amelipa 3,600 kwa kilo ileile. Kwa kilo 6 za mwezi, shilingi 3,600 zimepotea, sawa na kilo moja na zaidi ya sukari aliyoilipia asiile. Mafuta ya kupima kwenye kifuko, unga wa nusu, mchele wa robo: vyote viko hivyo. Mangi halaumiwi, naye anakata, anafunga, na anasubiri. Tatizo ni kwamba hela inakuja kwa siku, na hela ya siku hununua vya siku.

Huwezi kuhama siku moja, ila unaweza kuhamisha kitu kimoja kimoja. Tenga shilingi 500 au 1,000 kila siku kwenye kibubu, hata kama ni kwa kuacha maandazi ya asubuhi. Ikifika ya kununua kitu kimoja cha wiki mbili au mwezi, kinunue. Anza na kisichooza na kinachoisha kila siku. Kwa nyumba nyingi ni unga au maharage. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapoteleza: ile hela uliyokuwa ukinunulia unga kila siku iendelee kuingia kwenye kibubu kana kwamba bado unanunua. Hiyo ndiyo itakayonunua kitu cha pili, kisha cha tatu. Ukiila kwa soda na chipsi kwa sababu "unga upo", mwezi ujao utarudi kwenye nusu kilo.

Kama kodi ya meza inatoka kwa baba, zungumzeni iachwe kwa wiki badala ya kwa siku. Nenda na daftari, umwonyeshe hesabu ya sukari. Hesabu iliyoandikwa huzungumza vizuri kuliko malalamiko. Kama naye hupata kwa siku, bodaboda au kibarua, basi aache ya siku lakini siku za kazi nzuri nyongeza iende kwenye kitu cha jumla.

Njia nyingine ni kuchanga. Majirani wanne wakichanga gunia la maharage au la mahindi, mmoja wao akaenda kulinunua kwenye soko la jumla, nauli inagawanyika kwa nne. Dar es Salaam watu huenda Tandale kwa nafaka na maharage, Mabibo kwa ndizi, viazi na matunda, Feri kwa samaki. Kila mji una soko lake la aina hiyo, na bei ya huko haifanani na ya genge la mtaani. Mnaokutana kwenye kikoba au mchezo wa upatu tayari mna watu. Ongezeni mzunguko mmoja wa chakula.

Ukiwa sokoni, dai mizani. Kama bidhaa inauzwa kwa kisado au debe, tazama chombo chenyewe: kopo lililobonyezwa kitako linakula chakula chako kila linapojazwa. Geuza, angalia chini, kisha ndipo bei ijadiliwe.

Kuhusu daftari la mkopo kwa mangi, liwe la unga, maharage, mafuta na chumvi pekee. Watoto wasiruhusiwe kuandikisha chochote. Na mkopo wa mwezi ulipwe kabla ya kibubu, maana anayedaiwa hachagui bei.

Mahindi yako, mashine yako

Sembe ya dukani ni nyeupe na nzuri machoni, lakini umelipia kazi ya kukoboa, kusaga, mfuko na usafiri. Debe la mahindi huwa na kama kilo 17. Lipete, litoe mawe na punje mbovu, lipeleke mashineni.

Hapo una uamuzi wa kufanya. Ukikoboa kwanza, ganda na kiini vinatoka kwenye pumba, na debe linaweza kupungua hata kwa robo. Ukisaga dona, yaani bila kukoboa, kilichoingia ndicho kinachotoka, na hulipii kukoboa. Kwa nyumba ya watu kumi tofauti hiyo ni ugali wa siku kadhaa. Dona pia ina mafuta, vitamini na nyuzinyuzi ambazo sembe imeziacha kwenye pumba, ndiyo maana inashibisha kwa muda mrefu zaidi.

Watoto waliozoea sembe watakunja uso. Usibishane nao, changanya. Wiki ya kwanza sehemu tatu za sembe kwa moja ya dona, wiki ya pili nusu kwa nusu. Dona inataka maji zaidi kidogo na dakika kadhaa za ziada motoni, la sivyo inakwaruza koo. Isage kidogo kidogo, ya wiki mbili hivi, kwa sababu yale mafuta ya kiini huifanya ichache mapema.

Kama una ndugu kijijini, Mbeya, Rukwa, Iringa au Songea, panga naye mapema. Mahindi huwa ya bei nafuu baada ya mavuno, kuanzia katikati ya mwaka, na hupanda sana kuanzia Januari. Gunia lililonunuliwa Julai linahitaji kulindwa dhidi ya dumuzi: mahindi yakauke vizuri kabisa, kisha yaingie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ikifungwa vizuri, wadudu hukosa hewa na hufa bila dawa.

Maharage na dagaa badala ya nyama

Kilo ya maharage makavu ina kama gramu 220 za protini, sawa na kilo ya steki au zaidi kidogo. Tena kilo hiyo ikichemka inafika karibu kilo mbili na nusu kwenye sufuria, wakati nyama ikichemka inasinyaa. Maharage peke yake yana upungufu wake na mahindi yana wake, lakini vikiliwa pamoja kimoja humjazia mwenzake. Ndiyo maana makande, chakula ambacho wengi hukidharau kwa sababu ya kumbukumbu za bweni, ni mlo wenye protini nzuri kwa bei ndogo kuliko chipsi kuku ya elfu kadhaa.

Kunde, choroko, mbaazi na dengu hufanya kazi ileile. Angalia ipi iko msimu na ina bei nzuri. Choroko huiva haraka kuliko maharage na kuokoa mkaa. Mbaazi za nazi zikipikwa vizuri hakuna atakayeuliza nyama iko wapi.

Namna ya kuyapika ndiyo yenye faida. Chagua maharage jioni, osha, loweka kwenye maji mengi usiku kucha. Asubuhi yatakuwa yamevimba na ganda limelegea. Mwaga maji hayo, weka mapya, bandika. Muda wa kuchemka hupungua sana na gesi tumboni pia. Watu wengi hutia magadi ili yalainike. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini, na ukishaloweka huyahitaji. Chumvi ije mwishoni.

Kwa upande wa dagaa, wa Mwanza, wa Kigoma au dagaa mchele wa pwani, wote ni protini ya bei ndogo kwa uzito wao, na kwa kuwa huliwa na mifupa, wanaleta na kalisi. Sokoni tia mkono ndani ya rundo uchukue wa chini. Dagaa mzuri anang'aa kifedha, ni mkavu, anavunjika kwa sauti, na ukimsugua kiganjani hakuachii mchanga. Aliyeanikwa chini mchangani ni rahisi, lakini unalipia mchanga na unautafuna. Nyumbani mkaange bila mafuta kwenye sufuria kavu mpaka anukie, ndipo umwoshe kwa maji ya moto haraka haraka na kumuunga kwa nyanya, kitunguu na ndimu.

Sehemu ya dagaa hao waliokaangwa watwangwe au wasagwe wawe unga. Kijiko cha unga wa dagaa kwenye uji au mboga ya mtoto wa mwaka mmoja kina faida kubwa kuliko soseji yoyote.

Nyama isiondoke kabisa, ila ibadilishiwe kazi. Nusu kilo iliyokatwa vipande vidogo ndani ya ndizi au viazi inawafikia watu kumi. Nusu kilo ya kuchoma inawafikia wawili. Utumbo, kongoro, vichwa na miguu ya kuku, vichwa vya samaki: supu yake inakolezea wali na maharage pia. Na ukipata maini, hata robo kilo, wape kwanza watoto kwa ajili ya madini ya chuma.

Mboga, nyanya na mafuta

Mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde na kisamvu ni nafuu na ni bora kuliko kabeji kwa vitamini. Matembele yakichumwa huchipua tena. Yapande kwenye kiroba chenye udongo na samadi, au kwenye kijipande chochote cha uwanja. Mchicha hufika kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Usimwagilie kwa maji ya mtaro.

Nenda gengeni jua linapozama, muuzaji akitaka kurudi nyumbani. Nyanya masalo, zile laini zilizobaki, huuzwa kwa bei ya kutupa. Zioshe, toa zilizooza, zichemshe hadi ziwe nzito, na una nyanya ya kuungia ya siku mbili.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Vijiko vitatu vikubwa vinatosha kuunga sufuria ya watu kumi. Karanga zilizotwangwa kwenye kisamvu au mchicha hufanya kazi ya mafuta na kuongeza protini. Nazi nayo ikunwe mara moja na kukamuliwa mara mbili: tui jepesi lipikie, tui zito liingie mwishoni. Tui zito likichemka muda mrefu linakatika, na ladha uliyoilipia inapotea.

Moto nao ni chakula

Fanya hesabu ya mkaa wa makopo kwa mwezi utashangaa. Huenda unakaribia hela ya unga. Jiko banifu lenye udongo ndani hula mkaa kidogo kuliko la bati tupu. Sufuria ifunikwe daima. Maharage yakishabanduliwa, acha makaa yachemshe maji ya uji au mihogo, makaa yasiteketee bure.

Kwa vyakula vinavyokaa motoni, jaribu kapu. Chukua kapu kubwa au boksi, lijaze mablanketi ya zamani au nguo kuukuu pande zote. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa, sufuria ikiwa imefunikwa, kisha iingie ndani ya kapu ikiwa bado inatokota na kufukiwa kabisa. Baada ya saa nne yatakuwa yameiva au yamekaribia, umalizie kwa makaa machache. Ile nusu saa ya kuchemka usiikate, kwani maharage mekundu yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo vibaya.

Chemsha maharage ya milo miwili kwa pamoja, bila nazi wala nyanya. Ya leo yaunge. Ya kesho yachemshwe tena jioni, yafunikwe, na yasichotwe kwa mwiko wenye chakula kingine. Kwa joto la pwani, bila friji, usiyavushe siku ya pili.

Wiki moja ya mfano

Asubuhi: uji wa dona wenye karanga siku tatu; viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na chai siku mbili; kiporo cha wali mkavu kikipashwa moto vizuri siku zinazobaki. Mkate na maandazi viwe vya sikukuu.

Jumatatu: makande mchana, ugali na mchicha wa karanga usiku.
Jumanne: ugali na dagaa mchana, wali na maharage usiku.
Jumatano: viazi na choroko mchana, ugali na matembele usiku.
Alhamisi: makande mchana, ugali, majani ya maboga na dagaa usiku.
Ijumaa: wali wa mchele wa chenga na mbaazi mchana, ugali na kisamvu usiku.
Jumamosi: ugali na maharage mchana, ndizi zenye utumbo au vipande vya nyama usiku.
Jumapili: wali na samaki au mayai ya kuunga kwenye nyanya mchana, uji mzito au viazi usiku.

Tunda lifuate msimu: embe mwishoni mwa mwaka, machungwa yakishuka kutoka Muheza, papai wakati wowote. Kipande cha ndimu au chungwa pamoja na mboga za majani husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi pamoja na chakula huyazuia. Chai inywewe saa moja baadaye.

Namna ya kupakua

Sinia moja ni tamu kwa undugu, lakini kwenye sinia mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba. Mtoto aliye chini ya miaka mitano apakuliwe kwenye sahani yake, na mboga yake iwe na kitu chenye protini. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo ale mara nyingi: milo mitatu na kitu kidogo mara mbili katikati. Mtoto wa chini ya miezi sita ni wa maziwa ya mama tu, na anayemnyonyesha ale zaidi, hata kama desturi ya nyumba ni baba kupakuliwa kwanza. Kama shule ya mtoto ina mchango wa uji au makande, ulipe mapema. Mara nyingi ni mlo wa mchana wa bei nafuu kuliko utakaopika mwenyewe.

Usichofanyia ubahili

Mahindi na karanga zenye ukungu, rangi ya kijani au nyeusi, au zilizovunda, usinunue hata kwa bei ya bure. Huenda zina sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na haiishi kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Punje mbaya zitolewe kabla ya mashine, na usiwape kuku wako.

Kisamvu kitwangwe na kichemke vizuri bila haraka, na mihogo michungu isiliwe bila kuchachushwa au kukaushwa kama wenyeji wake wanavyojua. Chumvi iwe yenye madini joto. Wali uliolala ukiteleza au kunuka, tupa; dawa ya kuhara ni ghali kuliko kilo ya mchele.

Januari na baada yake

Mwanzo wa mwaka ada, sare na madaftari huvamia hela ya kula wakati uleule mahindi yanapopanda bei. Anayejua hilo huanza Agosti. Kila kitu cha jumla unachonunua kuanzia Agosti hadi Novemba, ongeza kidogo ukiweke pembeni kwa ajili ya Januari na Februari: kisado cha maharage mwezi huu, debe la mahindi mwezi ujao, dagaa mkavu kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kama leo una hela ya siku moja tu, fanya mambo mawili. Usiku huu loweka maharage ya kesho, na shilingi 500 utakazookoa kwenye mkaa na sukari zitie kwenye kibubu. Wiki ijayo usinunue unga wa nusu kilo. Ukishavuka kitu cha kwanza, cha pili kitakuja chenyewe, na hutahitaji kumwambia mtoto yeyote ale kidogo.